Aliposimama Mkaguzi

Wimbo ulipomchosha, Mkaguzi alisimama. Hakukunja uso, hakukohoa, hakutazama saa. Aliinuka tu kutoka kwenye kiti chake cha mbao karibu na ukuta wa nyuma, akaenda dirishani, akafunga mikono mgongoni na kutazama chini uchochoroni. Wimbo ukimrudisha, alirudi akakaa. Ukimpoteza tena, alisimama tena. Kwa hivyo mwenye wimbo hakuwa na haja ya kuuliza ulikuwaje. Alikwisha kuona kwa macho yake wapi msikilizaji alikuwa naye na wapi alimwacha njiani.

Tulimwita Mkaguzi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu: kukagua skuli. Alizunguka Unguja nzima na Tumbatu, akiingia madarasani bila kubisha hodi na kukaa benchi la nyuma. Wazee wake walikuwa nani, na alizaliwa mtaa gani, sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema. Nilimjua kwa jambo moja tu. Tulikuwa tunatengeneza muziki kwa kompyuta, kwa kujifurahisha, na Jumapili tulikuwa tunasikilizana.

Tulikuwa wanne. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu. Ufundi wenyewe niliusoma katika vitabu vinavyokuja na mashine, na muziki niliusoma vivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kisha video baada ya video. Sabra alikuwa muuzaji katika duka la dawa pale Darajani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko dawa yoyote aliyoiuza. Hamdu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Paje. Wa nne alikuwa yeye. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kushika udi au fidla mbele ya watu. Tulichokijua ni kurekodi sauti, kuikata, kuivuta, kuipanga juu ya nyingine mpaka ikawa kitu. Katikati ya wiki tulirushiana vipande vyetu kwenye kundi la simu. Jumapili, baada ya sala ya Alasiri, tulipanda ngazi za nyumba yake ya Mkunazini, kila mtu na flashi yake mfukoni.

Flashi ilikuwa sharti lake. Alishikilia kwamba simu inaukamua wimbo kabla ya kuufikisha. "Mnaniletea tui la pili," alisema, "halafu mnataka nikwambieni kama mchuzi umekolea."

Kusikiliza kwenyewe kulikuwa na utaratibu, na hatukuuvunja. Kwanza wimbo ulipigwa kwa spika zake mbili kubwa. Mara ya pili ulipigwa kwa simu iliyolazwa mezani, kwa kuwa, kama alivyosema, huko ndiko watu wanakoishi. Mara ya tatu mwenye wimbo alishuka ngazi peke yake, akasimama uchochoroni, na kuusikiliza ukimjia kupitia dirishani kama wimbo wa jirani asiyemjua. Hapo chini palikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, mtu mpole sana. Besi ikizidi, aliichukua fimbo yake ya kupimia yadi akagonga dari yake, ambayo ndiyo sakafu yetu. Mkaguzi hakukasirika hata siku moja. Alinyanyua kidole akasema, "Mwanachama wa tano ametoa maoni," na aliyeleta wimbo alijua la kufanya.

Wimbo wangu wa kwanza alisimama kabla mimi sijakaa vizuri, na akabaki dirishani mpaka mwisho. Kisha akageuka.

"Una watoto wewe?"

"Naam, wawili."

"Ukiwaita, unawaita mara ngapi?"

"Mara moja, Mkaguzi. Wakikawia, mara mbili."

"Basi mbona humu umeniita mara arubaini?"

Sabra alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilikuwa nimeupenda mdundo mmoja wa feni mbovu na nikaurudia tangu mwanzo hadi mwisho, nikidhani kurudia ndiko kunakoufanya muziki. Niliondoka na hasira ya kitoto, mtu mzima mimi, na usiku sikuigusa kompyuta. Siku ya pili niliufungua wimbo nikakuta kwamba kweli, baada ya kuitwa mara mbili, hata mimi ningeacha kuitika.

Hakuwa mkali kwa kupenda ukali. Ukijitetea tu ndipo alipokunyamazisha. "Nimesikia nilichosikia. Ulichokusudia baki nacho, ni mali yako." Lakini ilipofika zamu yake, yeye mwenyewe alijitetea kuliko sote. Sabra akisema mwanzo umekuwa mrefu, Mkaguzi alitoa hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu, na akataka kutupigia wimbo upya ili tusikie vizuri zaidi. Bi Mkubwa, mkewe, akiingia na sinia la chai ya tangawizi, alimsikiliza kidogo akatikisa kichwa. "Mwacheni. Kaniolea mke wa pili kompyuta hii, na mke mwenyewe hata chai hajui kupika. Leo mnamsema vibaya mbele yake, mwataka asikasirike?"

"Bi Mkubwa, unamwonea wivu?" Sabra alimchokoza.

"Wivu wa nini, mwanangu? Akipata joto huyo huzimika. Mimi sizimiki."

Na kuna hili pia, ambalo hatukumwambia kamwe: alitutaka tumalize. Wimbo usiomalizwa aliuita mtoto asiyetiwa jina. Lakini yeye alikuwa na wimbo mmoja tu, na miaka yote niliyomjua hakuumaliza. Jina lake Mapumziko. Kila Jumapili ya zamu yake alituletea Mapumziko mengine.

Wimbo huo ulijengwa kwa kengele. Skuli nyingi za shamba zilikuwa na rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, ikapigwa kwa kipande cha chuma. Katika safari zake za ukaguzi Mkaguzi alichukua redio kaseti, na kabla ya kuondoka skuli yoyote alimwomba mwalimu wa zamu aipige rimu. Walimu walidhani ni sehemu ya ukaguzi. Wengine waliipiga kwa adabu sana, wakisimama wima. Ndivyo alivyokusanya kanda zilizojaa kabati, na alizijua zote kwa sikio. Alikuwa akitupigia moja akafumba macho: "Nungwi. Ina ufa, sikilizeni, inakuna mwishoni." Nyingine: "Makunduchi. Hii nzito, rimu ya kale." Alichokipenda si pigo lenyewe bali kinachobaki juu yake baada ya chuma kuondoka, ule mvumo mwembamba unaokwenda kama uzi. Alisema hapo ndipo watoto wanapoinuka. Pigo linawaambia waache kuandika. Uzi ndio unaowatoa nje.

Miaka ya mwisho alianza kulalamika kwamba kanda zinakufa. "Uzi umekatika. Pigo lipo, uzi haupo." Akawa anaukuza kwa kompyuta, anazinyanyua sauti za juu, kila wiki kidogo.

Na kwetu sisi alianza kusema juu ya ukungu. Alisikiliza akisimama dirishani muda mrefu kuliko zamani, na akigeuka alisema, "Huku chini mambo yako sawa. Juu pana ukungu. Safisha." Tulisafisha. Kwa wasiojua kazi hii: kusafisha huko maana yake ni kuzinyanyua sauti nyembamba, za matoazi, za herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji, za maji yanayomwagika. Jumapili inayofuata alisimama tena. "Bado." Tukanyanyua tena, na ili zipate nafasi tukapunguza besi. Mwenye duka la vitambaa akaacha kugonga. Siku moja nilikutana naye mlangoni, akanambia kwa upole wake, "Siku hizi mmekuwa watulivu sana huko juu," nami nikaliona hilo ni sifa.

Sikio hufuata kinachosifiwa. Kidogo kidogo tulianza kuzisikia nyimbo za watu wengine kama zimefunikwa blanketi. Hamdu alisema ile ndiyo sauti ya Mkunazini, na sote tulikubali kwa furaha. Tulikuwa watu wanne tulioamini tumevumbua mtindo.

Hamdu ndiye aliyemshawishi meneja wake aturuhusu tupige nyimbo zetu alasiri moja, katika mgahawa wa hoteli, pwani ya Paje. Hatukuwa tumewahi kupigia watu tusiowajua. Mkaguzi alivaa kanzu ya Ijumaa na koti. Alichagua meza iliyo chini kabisa ya spika, akasema mkaguzi hukaa nyuma lakini mwenye harusi hukaa mbele.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Sabra. Haukufika mbali, watu wa meza ya karibu wakachukua vinywaji vyao wakahamia meza ya mbali. Kisha wa meza ya pili. Watalii ni watu wa adabu: walihama wakitabasamu. Mhudumu mmoja, kijana wa Bara, alimjia Hamdu na karatasi ya kufutia mikono imesokomezwa katika kila sikio.

"Kaka, kwenye hizo spika mmefuga nyuki?"

"Nyuki gani? Huo ni mtindo."

"Basi mtindo unauma, kaka."

Meneja mwenyewe alikuja kukishika kitufe cha sauti za juu. Nilikuwa nimesimama karibu na kaunta, na nilipogeuka kumtafuta Mkaguzi nilimwona bado yuko pale pale chini ya spika; hakuwa ameinuka hata mara moja. Alikuwa akipiga dole gumba mezani, uso umemng'aa. Meneja alipokizungusha kitufe mpaka mwisho wake wa chini, na bahari ikasikika tena, ndipo uso ulipobadilika. Akanyanyuka, akaja kwetu.

"Mmefanya nini? Ilikuwa safi. Leo ilikuwa safi kabisa, haina ukungu."

Sabra alinitazama, nami nikamtazama.

Siku ya pili nilikwenda dukani kwa Sabra, nikasubiri mpaka mteja wa mwisho akaondoka.

"Usinambie," alisema kabla sijafungua mdomo. "Mimi nauza dawa za masikio. Mzee asiyesikia namjua anavyokaa, anakugeuzia upande mmoja wa uso kama anapigwa picha. Wiki ngapi nnamwona, na nnajitia sioni."

"Inabidi aambiwe."

"Umwambie wewe?"

"Ndiye aliyetufundisha kusema tulichosikia."

"Juu ya wimbo, yakhe! Huu si wimbo, huyu ni mtu. Na akiacha kuja? Maana wewe na mimi tunajua, akijua hilo hatakaa tena kile kiti."

Sikuogopa kwamba atakasirika au atabisha. Niliogopa kwamba atatuamini. Katika maisha yangu watu wamenisikiliza kwa heshima, kwa urafiki, kwa kusubiri zamu yao ya kusema. Ni mtu mmoja tu aliyenisikiliza kiasi cha kuweza kunipoteza na kunirudia. Mara moja, moja tu, alikaa wimbo wangu mzima bila kuinuka. Ulikuwa wimbo wa mvua juu ya bati. Ulipokwisha alibaki amekaa, akaniuliza, "Hii ulifanyaje?" na nikamweleza mpaka chai ikapoa. Ningempa nini mtu huyo badala ya kiti chake?

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Niliuleta wimbo niliouchanganya upya, sauti za juu nimezirudisha mahali pake, kama zilivyokuwa zamani. Sikuwa na mpango wa kusema neno. Nilidhani wimbo utasema. Mkaguzi alisimama mapema, akakaa dirishani mpaka mwisho.

"Umerudi nyuma," alisema. "Ukungu mtupu."

Sabra ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Hapana ukungu, Mkaguzi."

"Upo."

"Wallahi haupo."

Aligeuka polepole, akamtazama Hamdu, na Hamdu akatazama vidole vya miguu yake. Akanitazama mimi. "Na wewe fundi, wasema haupo?"

"Haupo, Mkaguzi."

Alifikiri. Nilimwona akirudi katika kazi yake ya zamani, mabega yakinyooka. "Jambo likibishaniwa, hupimwa. Hiyo mashine inaweza kutoa mluzi mmoja, mtupu? Uanze chini, upande polepole. Kila mtu anyanyue mkono. Asiyesikia tena ashushe."

Bi Mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia. Akauliza mnacheza mchezo gani, Hamdu akamwambia, naye akaliweka sinia chini akanyanyua mkono wake pia.

Nikauwasha mluzi. Mkono wa Mkaguzi ulikuwa umenyooka kuliko yetu sote, kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Mluzi ukapanda, ukapita sauti ya mwanamume, ukapita sauti ya mwanamke, ukapita filimbi. Haujafika hata mahali pa matoazi, mkono wake ukashuka. Alishusha kwa utulivu. Alidhani mluzi umekwisha na kwamba sote tumemaliza pamoja. Ndipo alipotazama huku na huku akaiona mikono yetu iko juu. Aliutazama mkono wa mkewe zaidi, wenye bangili mbili, uliosimama bila wasiwasi wowote, na Bi Mkubwa, aliyekuwa akitabasamu kwa mchezo, aliona anavyotazamwa na tabasamu likamkauka. Lakini hakushusha. Angeshusha angemdanganya, na nyumba ile haikuwa na desturi hiyo.

Mkono wangu ulifuata kushuka, kisha wa Bi Mkubwa, kisha wa Hamdu. Wa Sabra ulibaki peke yake kwa muda. Nikazima.

"Kwa hivyo kanda hazikufa," alisema Mkaguzi.

Alikaa. Bi Mkubwa alimmiminia chai, akaipokea, akanywa.

"Mmejua tangu lini?"

"Sote, tangu Paje," alisema Sabra.

"Na leo mmekuja mkanywa chai yangu."

"Hatujainywa bado, Mkaguzi."

Alicheka. Ndiyo, alicheka, na sote tukacheka naye, na huo ulikuwa wakati mgumu kuliko yote ya siku ile.

Jumapili moja zaidi alikaa nasi. Alizisikiliza nyimbo zote akiwa kitini, hakuinuka hata mara moja, na hakuna aliyefurahi. Alikaa kama mgeni aliyealikwa kwa heshima. Tulipomaliza alisema si haki kulikagua darasa huku umesimama nje, na kwamba tusiache. Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimsaidia kusikia watu, alisema, lakini muziki wote uligeuka sahani zinazoanguka. Baada ya miezi michache yeye na Bi Mkubwa wakahamia Makunduchi, nyumbani kwa wazee wa Bi Mkubwa. Sababu aliyotupa ni ngazi za Mkunazini, kwamba ni kali kwa magoti yake. Zilikuwa kali miaka yote.

Tuliendelea, kwa namna fulani. Tulijaribu kukutana kwangu, kisha kwa Sabra, kisha tukabaki na kundi la simu tu. Siku hizi naweka wimbo, na kabla haujafika hata nusu ya urefu wake napata mioyo myekundu na dole gumba. Watu wa mbali, nisiowajua, wananitumia picha ya moto. Nawashukuru, si kwa unafiki. Lakini moyo mwekundu hauniambii ni wapi nilikupoteza. Nimejaribu kujifanyia mwenyewe: naupiga wimbo wangu, nakaa kiti cha nyuma, nasubiri nione kama nitasimama. Haiwezekani. Miguu inajua kinachokuja. Juu ya mapaa ya hoteli, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiyoyozi kibovu, mara nyingine nasikia mngurumo unaostahili kurekodiwa, natoa simu, narekodi, na ninaporudi nyumbani nagundua kwamba kumbe namrekodia mtu mmoja.

Mwaka huu nilipata kazi Makunduchi, friza la duka moja. Nilimaliza kabla ya Adhuhuri, nikauliza nyumba, nikaenda.

Nilimkuta uani, juu ya mkeka, yeye na Bi Mkubwa, sinia la choroko baina yao, wanachambua. Kile kifaa cha sikio kilikuwa kimechomoza mfukoni mwa shati lake.

"Shikamoo, Mkaguzi."

Hakuinua kichwa. Bi Mkubwa alimgusa goti, ndipo Mkaguzi akanitazama, na uso wake ukafunguka wote.

"Marahaba, marahaba! Fundi! Kaa, kaa hapa."

"Mkabili uso," Bi Mkubwa alinielekeza, "na useme polepole. Usipige kelele. Ukipiga kelele anaona unamtukana."

Tuliulizana hali. Nilimpa salamu za Sabra, ambaye ameolewa, na za Hamdu, ambaye sasa ni mpishi mkuu. Aliitikia zote, akiniangalia mdomo.

"Umeniletea nini?"

"Nimekuja kukutazama tu."

"Muongo mkubwa! Mtu hatoki mjini na hedifoni shingoni kuja kumtazama mchambua choroko."

Bi Mkubwa alicheka, nami nikazivua, nikamvisha. Wimbo wenyewe niliutengeneza kutokana na chumba cha barafu cha wauza samaki, ambacho mashine yake huwa naitazama mimi. Nilikuwa nao wiki nyingi, na ndani yake palikuwa na kitu kibovu, nilijua kipo na sikujua kipo wapi. Alifumba macho. Choroko chache zilibaki kwenye kiganja chake, hazitikisiki. Kisha akazivua hedifoni mwenyewe, kwa uangalifu, kama mtu anayevua miwani ya mwenzake.

"Nnasikia lori linapita barabara ya mbali. Halafu hamna kitu. Halafu lori tena."

"Samahani, Mkaguzi."

"Samahani ya nini? Kwani wewe ndiye uliyeniziba?"

Nikaanza kukunja waya. Nilifikiri, basi, umekuja, umehakikisha, sasa rudi nyumbani.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Nieleze."

"Nikueleze nini?"

"Wimbo. Tangu mwanzo. Humo ndani mna nini?"

Nilikaa tena. Nikamweleza kwamba unaanza na mashine inayoamka, si kwa mara moja, inatetemeka kwanza kama mtu aliyeamshwa na maji baridi. Kwamba mngurumo unatulia, na juu yake yanakuja matone kutoka kwenye bomba.

"Yanadondokea wapi?"

"Kwenye ndoo ya plastiki."

"Ina maji au tupu?"

"Mwanzo tupu."

"Ahaa." Alifumba macho. "Kwa hivyo sauti inakuwa nene kila inavyojaa. Enhe."

"Naam. Halafu matone yanaendelea, halafu mlango."

Alifumbua macho.

"Rudia hapo."

"Matone yanaendelea, halafu mlango unafungwa."

"Kote umekwenda polepole. Ndoo umenieleza mpaka plastiki yake. Hapo umekimbia. Ni parefu?"

"Parefu, Mkaguzi."

"Na mna nini?"

"Hamna kitu. Nilikuwa nasubiri mlango tu."

"Basi na mimi nasubiri na wewe, tumesimama wawili kwenye baridi." Akazirudisha choroko kwenye sinia, akajipangusa viganja. "Kafanye kazi hapo. Sasa huo mlango. Wa mbao?"

"Wa chuma. Mzito, una mpira pembeni."

"Ukifungwa unasemaje?"

"Siwezi kuusema."

"Umeurekodi, umeukata, umelala nao wiki nyingi, leo huwezi kuusema? Nifungie."

Nilitazama huku na huku. Ng'ambo ya ua, jirani mmoja alikuwa akianika nguo. Bi Mkubwa aliacha kuchambua, akanitazama kwa hamu ya wazi. Mkaguzi akasogea karibu na kuweka kiganja chake kifuani pangu, macho yake yamekaza kwenye mdomo wangu. Nikavuta pumzi, nikaitoa baina ya meno kama hewa inayobanwa na mpira, kisha nikajipiga ngumi kifuani, kando ya mkono wake, na kuguna kwa chini kadiri nilivyoweza.

Alisubiri mpaka mtikisiko ulipokwisha.

"Tena," akasema.

Nikaufunga tena.